Leza na sarafu za kale zilizoliwa na kutu: maswali mnayoniuliza kila mara

Maswali haya yamekuwa yakinijia WhatsApp yale yale, nimejibu mpaka vidole vimeuma, sasa nimeyaweka sehemu moja mtu akiuliza namtumia hii. Mi niliwahi kukaa miezi kadhaa kama msaidizi kwenye maabara ya kuhifadhi vitu vya kale. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika sarafu kwa kibanio na kuandika namba kwenye daftari, ila macho yalikuwa yanaona. Sio profesa mimi, msije mkaniita dokta.

Leza inafanya nini hasa kwenye sarafu, inasafisha au inapima?

Yote mawili, na hapo ndo watu wengi wanachanganya. Ukiipiga sarafu kwa mpigo mmoja mfupi na mkali kwenye kijisehemu kidogo kuliko nukta ya kalamu, kinachoruka pale kinawaka, na mwanga wake unakwambia madini gani yamo. Ukipunguza ukali na kutanua hiyo sehemu kidogo, kutu inabanduka. Ukipunguza kabisa, ikawa nguvu ndogo kama ya vile vileza vya kuelekezea ubaoni, hakiruki kitu ila mwanga unaorudi unakuwa umebadilika rangi kidogo sana na mabadiliko hayo yanataja kutu ile ni ya aina gani. Hii ya mwisho inaitwa Raman, jina la mwanasayansi wa India C. V. Raman aliyepewa Nobel mwaka 1930.

Kama ningeambiwa nichague moja ningechagua kupima. Kusafisha sarafu kwa leza kunasifiwa kuliko kunavyostahili, na huko mbele mtaona kwa nini nasema hivo.

Kutu si uchafu tu jamani? Kwa nini msiitoe yote mkamaliza?

Swali zuri na ndo swali lenyewe, mengine yote yananing'inia hapa.

Sarafu ya shaba ikilala ardhini miaka mia saba haipati uchafu wa juu juu kama sufuria. Shaba yenyewe inatoka ndani kidogo kidogo inakwenda nje, inakutana na maji, hewa na chumvi, inageuka kitu kingine. Ukiikata katikati ukaiweka chini ya maikroskopu unaona matabaka: ndani kabisa kiini cha shaba iliyobaki, juu yake tabaka jekundu la kuiva linaloitwa kuprite, ambalo ni shaba na oksijeni, juu yake kijani cha malakaiti, na kama sarafu imekaa karibu na bahari unakuta kijani kingine chenye klorini ndani kinaitwa atakamaiti, halafu juu kabisa mchanga na chokaa vimegandana na hiyo kutu kama saruji. Sasa uso ule uliogongwa na nyundo siku sarafu inatengenezwa uko wapi? Mara nyingi uko katikati ya kutu, pale juu ya lile tabaka jekundu. Shaba iliyokuwa pale imeshaondoka lakini umbo limebaki, yani herufi unazozisoma leo ni herufi za kutu.

Kwa hiyo mtu anayekwangua mpaka aone shaba inang'aa ameshapita herufi, yuko kwenye kiini ambacho hakijawahi kuandikwa chochote.

Chukua sarafu za Kilwa. Ni vidude vya shaba, kipenyo karibu sentimita 2, havina mwaka. Upande mmoja kuna jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande mbili yana vina vinavyofanana. Kwa mfano huku Ali ibn al-Hasan, ukigeuza, yathiqu bi-mawla al-minan, yani anamtegemea Mola wa neema. Mtu anaenda kununua samaki na beti la shairi mkononi, wazee wetu hawakuwa na mchezo na vina. Lakini fikiria, kama hakuna tarehe, kila unachojua kuhusu ile sarafu kinatoka kwenye herufi na mahali ilipookotwa. Mwaka 1944 askari wa Australia anayeitwa Maurie Isenberg aliokota sarafu 9 ufukweni kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa ya Australia, 4 zilikuwa za Waholanzi na 5 zikaja kutambulika kuwa za Kilwa. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje kule. Zingekuwa zimesuguliwa na mchanga pale pale ufukweni ubishi usingekuwepo kabisa, vingebaki vipande vitano vya shaba visivyo na kwao.

Haya, hiyo ya kupima inafanyaje kazi? Elezea kama mtu hajasoma fizikia.

Umewahi kupika maji ya ugali kwenye gesi yakachemka yakamwagika yenye chumvi? Moto wa bluu unageuka njano ghafla. Ile njano ni sodiamu ya kwenye chumvi. Kila elementi ikipata joto la kutosha inatoa rangi zake maalum ambazo haiazimi kwa mwenzake. Shaba inatoa kijani na rangi nyingine nyingi ambazo jicho halizioni.

Sasa badala ya jiko weka leza. Mpigo mmoja unadumu nanosekunde kama 8 hivi, nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni. Kwa nanosekunde moja mwanga unatembea sentimita 30, urefu wa rula ya shule, kwa hiyo mpigo mzima ni kipande cha mwanga chenye urefu wa rula nane, basi. Lakini nguvu yote inabanwa kwenye kidoa cha maikromita kama mia moja, unene wa unywele au zaidi kidogo, na pale joto linapita digrii 10,000, wakati uso wa jua ni kama 5,500. Kutu inageuka plazma, yani gesi ya moto mkali inayowaka, cheche ndogo nyeupe ya bluu bluu unaisikia "tak!" kama mafuta yanaruka kwenye kikaango. Waya wa nyuzi za kioo unachukua mwanga wa ile cheche unaupeleka kwenye spektromita, mashine inayotenganisha rangi za mwanga, na kwenye skrini inatokea mistari iliyosimama kama miti ya mikorosho. Wenyewe wanaita LIBS, sisi tulikuwa tunatamka libsi tu.

Mstari mmoja mmoja una anwani yake. Anwani hiyo ni urefu wa wimbi la mwanga, yani rangi yake, na unapimwa kwa nanomita. Shaba wana 324.7 na 327.4 nanomita, hao wawili wanatembea pamoja kama mapacha. Fedha 328.1 na 338.3. Risasi 405.8. Sodiamu ile ya jikoni 589. Kalsiamu 393.4 na 396.8.

Kitu nilichokipenda mimi ni kupiga sehemu moja mara nyingi mfululizo. Mpigo wa kwanza unakuta kalsiamu imejaa na silikoni na chuma kidogo, huo ni udongo na chokaa. Mpigo wa tano wa sita kalsiamu inaanza kushuka, shaba inapanda. Unaendelea, kalsiamu inapotea kabisa, unajua sasa umeacha ardhi umeingia kwenye sarafu. Unakuwa kama unachimba kisima kidogo ukiandika kila futi umekuta nini, ila kisima chenyewe hakionekani kwa macho.

Si unasema haionekani, ina maana inaacha tundu?

Inaacha, tusidanganyane. Mpigo mmoja unaondoa vitu vya nanogramu mpaka maikrogramu hivi, ukipiga mara mia sehemu moja unapata kitundu kidogo ambacho kwa macho utakiona kama kidoa kama unajua pa kuangalia. Ndio maana mtu makini anapiga ukingoni au sehemu iliyokwisha haribika, hapigi kwenye jina la sultani. Ukilinganisha na zamani walipokuwa wanachimba na drili kupata unga wa kupeleka maabara, au wanakata kipande, hii ni nafuu kubwa. Lakini mtu akikwambia haigusi sarafu kabisa huyo anauza mashine.

Kwani ile bunduki ya XRF, inayopima madini kwa eksirei, wanayotumia wanunuzi wa dhahabu haitoshi?

Kwa kazi nyingi inatosha na haiachi alama yoyote, anza nayo. Shida ni kwamba inaona uso tu, maikromita chache chache mpaka makumi kadhaa kutegemea na madini, na kwa sarafu ya kale uso ni muongo.

Mfano mzuri ni Warumi. Kaisari wao Nero mwaka 64 alianza kupunguza madini ya fedha kwenye sarafu yao ya dinari, waliomfuata wakazidi kupunguza, na ile sarafu iliyoletwa na kaisari Caracalla mwaka 215, wanayoiita antoniniani, ilipofika miaka ya 260 mwishoni ilikuwa shaba yenye fedha chini ya asilimia 5. Ila watengenezaji walikuwa wajanja, kabla ya kugonga walikuwa wanakitibu kile kidonge cha madini shaba ya juu iondoke, ibaki ngozi ya fedha. Juu inang'aa, ndani kitu kingine. Ardhini nako shaba inaendelea kutoka juu, kwa hiyo ngozi inazidi kuonekana tajiri. Ukiweka XRF juu yake inakwambia fedha ni nyingi na unaamini. Ukipiga leza mara thelathini sehemu moja unaona mstari wa 328.1 unashuka na mapacha wa shaba wanapanda, serikali nzima ya Roma inaumbuka mbele ya macho yako.

Ila na libsi nayo ina udhaifu wake. Kusema "hapa kuna fedha" ni rahisi, kusema "ni asilimia 37 kamili" ni kazi, maana mwanga unategemea ugumu wa kile kitu, unyevu, uso umelalaje. Lazima uwe na vipande vya aloi, yani madini yaliyochanganywa, ambavyo unajua vina nini ili ulinganishe navyo. Na klorini, ambayo kwa shaba ndo adui namba moja, inaonekana kwa tabu sana.

Turudi kwenye kusafisha. Leza inatoaje kutu bila kula sarafu?

Wazo lenyewe lilitokea kama bahati. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman mwaka 1960, ya jiwe la rubi. Mwaka 1972 Mmarekani John Asmus alikuwa Venice anapiga picha za hologramu za masanamu yanayoharibika, akajaribu kuielekeza leza kwenye marumaru lililofunikwa na masizi meusi, masizi yakaruka, jiwe jeupe likabaki zima. Sababu ni rahisi, kitu cheusi kinameza mwanga kinachemka kinaruka, kitu cheupe kinaurudisha. Masizi yakiisha kazi inasimama yenyewe hata ukiendelea kupiga, ndo maana kwenye marumaru leza imeshika kweli kweli. Hata milango ya shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya mchongaji Ghiberti pale Florence, ile wanayoita Milango ya Peponi, imesafishwa kwa leza, na dhahabu ilistahimili vizuri.

Watu wakaona basi na kwenye sarafu itakuwa hivo hivo. Kwa nadharia ni kweli, shaba safi inarudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga wa 1064 nanomita, ambao ndo wa leza nyingi za kazi hii, na kutu inameza zaidi. Lakini kati ya nguvu inayotoa kutu na nguvu inayoyeyusha uso wa shaba nafasi ni nyembamba sana, sio kama marumaru. Halafu kutu ya shaba sio rangi moja, hapa kijani, pale nyekundu, hapa mchanga, kila moja inataka nguvu yake. Na kuna risasi, wahunzi wa zamani walikuwa wanaiongeza kwenye shaba ili imiminike vizuri, lakini risasi haichanganyiki na shaba, inabaki vidonge vidonge ndani, shaba inayeyuka digrii 1,085 na risasi 327 tu. Unaona mchezo ulivyo.

Wajuzi wana mbinu. Wanalowesha uso na maji kidogo au spiriti, kimiminika kikilipuka kinabeba uchafu na kupoza. Wanabadilisha rangi ya leza. Kuna leza ya 2940 nanomita ambayo inamezwa na maji na vitu vyenye maji ndani yake kama malakaiti, hiyo inakwenda taratibu. Kuna za femtosekunde ambazo mpigo ni mfupi kiasi kwamba joto halipati muda wa kusambaa. Na wanasikiliza, kwa kweli masikio yanatumika, kutu ikiwa bado ipo mlio unakuwa mkali tak tak tak, ikiisha unafifia.

Wewe uliwahi kuharibu?

Ndio. Nashukuru ilikuwa ya mazoezi, senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi za Mwingereza, ile ya shaba yenye tundu katikati, ilikuwa na kijani kizuri pembeni. Nikaanza na nguvu ndogo, haikutoka kitu. Nikaongeza, haikutoka. Nikaongeza tena kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kula, kijani kikageuka cheusi ti. Nikafikiri ni masizi nikapiga tena kuyatoa. Kumbe ndo malakaiti hiyo hiyo, ikipata joto la digrii mia mbili tatu inatoa maji na kaboni dayoksaidi inabaki oksaidi nyeusi ya shaba, na hiyo nyeusi inameza mwanga kuliko kijani, kwa hiyo kila nikipiga nazidi kupika. Chini ya maikroskopu uso ulikuwa na matone matone yanayong'aa kama nta iliyomwagika ikaganda. Mama mmoja aliyekuwa mkuu wa pale akaja akaangalia, akasema "umepika, hujasafisha," akaondoka. Ile senti waliibandika ukutani juu ya mashine na mkanda wa gundi, kila mgeni akija anaonyeshwa.

Nimeona TikTok jamaa anapitisha mashine ya leza kwenye chuma chenye kutu inakuwa mpya sekunde mbili, mbona nyie mnasumbuka?

Zile ni za viwandani, wati 1,000 au 2,000, zimetengenezwa kwa chesisi za magari na mabomba. Kule hakuna mtu anayejali kama maikromita ishirini za juu zimeondoka. Kwenye sarafu hizo ishirini ndo sarafu yenyewe. Usijaribu.

Kuna kliniki ya ngozi mtaani ina mashine ya kufuta tatuu, wanasema ni leza hiyo hiyo. Kweli?

Hili swali nilicheka lakini aliyeuliza sio mjinga. Ni ukoo mmoja kabisa, 1064 na 532 nanomita, mipigo ya nanosekunde. Hata wahifadhi wengine walianza na mashine za ukoo wa hospitali. Ila 532, ule mwanga wa kijani, shaba inaumeza sana kuliko 1064, kwa hiyo hatari ya kuyeyusha ni kubwa, na mtu wa kliniki amezoea ngozi, hajui kutu nyekundu na kutu ya kijani zinatofautianaje. Halafu vumbi litakaloruka pale linaweza kuwa na risasi na arseniki, kwenye chumba ambacho kesho mtu analala kupigwa leza usoni. Hapana.

Je inaponya ule ugonjwa wa shaba, unga wa kijani unaorudi rudi?

Haiponyi, na hapa wengi wanaumia. Ule unga wa kijani kibichi kama wa chaki unatoka kwa sababu chini kabisa, karibu na kiini, kuna kloraidi ya shaba imejificha. Ikipata unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi inakula shaba mpya, inatoka kloraidi nyingine, inazunguka hivo mpaka sarafu inakuwa unga. Leza inafanya kazi juu, ugonjwa uko chini kwenye vishimo. Unaweza kusafisha kidoa kikapendeza, mwezi ukipita kimerudi. Mbaya zaidi ukiondoa tabaka la juu lililokuwa limeziba unaweza kuwa umemfungulia mlango.

Dawa yake ni ya kizamani, kuondoa kloraidi kwa mkono chini ya maikroskopu, kulowesha kwenye kemikali inayoitwa benzotriazoli ambayo inafunga shaba isiendelee, kupaka utomvu wa akriliki, na zaidi ya yote ukavu. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40 hivi ugonjwa unalala. Sasa Dar, Mombasa, Unguja, unyevu mara nyingi unapita 70. Kwa hiyo kontena la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu, vingi sio kimoja, vina faida kwa sarafu yako kuliko leza ya mamilioni. Vipakti navyo vinachoka, lazima uvikaushe au ubadilishe.

Na sarafu za fedha?

Tabia nyingine kabisa. Fedha ikikaa ardhini penye chumvi inageuka kloraidi ya fedha, inakuwa kama ukucha, laini, ya kijivu au zambarau, unaweza kuikata na wembe. Hii haitaki mwanga, ndo familia hiyo hiyo waliyotumia kwenye filamu za picha. Ukiipiga leza inageuka nyeusi. Weusi mwingine ni wa salfa, ule wa bangili za fedha za bibi zilizokaa kabatini, huo leza inautoa, ila uso unaweza kubaki na rangi ya njano njano isiyopendeza.

Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo mno, pamoja na dinari za dhahabu za nje. Kwa vitu vyembamba namna hiyo hata kusugua kwa pamba ni maamuzi, fedha ya kale inakuwa kavu na inavunjika kama biskuti. Leza ya kupima ukingoni, sawa. Ya kusafisha uso mzima, mi ningekataa.

Dhahabu hailiwi na kutu. Ukiona dhahabu ina kutu ujue imechanganywa shaba au fedha nyingi.

Leza inaweza kuniambia sarafu ina miaka mingapi?

Hapana. Madini hayana saa ndani. Umri unajulikana kwa maandishi, kwa tabaka la udongo ilimokutwa na vitu ilivyokutwa navyo, ndio maana sarafu iliyookotwa bila kumbukumbu ya mahali imepoteza nusu ya thamani yake ya historia hata kama inang'aa.

Basi inaweza kujua madini yalichimbwa wapi?

Hapo kuna matumaini. Kuna njia ambayo leza inabandua chembe, chembe inabebwa na gesi mpaka kwenye mashine inayopima uzito wa atomu moja moja. Inaona elementi zilizomo kwa sehemu chache kwa milioni na hata isotopu za risasi, yani atomu za risasi zenye uzito tofauti, ambazo zinatofautiana kati ya mgodi na mgodi. Pale Orléans, Ufaransa, kuna maabara imefanya sarafu nyingi kwa njia hii. Shida ya zamani ni kwamba watu walikuwa wanayeyusha sarafu chakavu na vyombo wakagonga upya, migodi mitatu inakuwa kwenye sarafu moja na jibu linakuwa uji.

Inakamata feki?

Mara nyingi inakamata kutu feki kuliko sarafu feki. Kutu ya kweli inabadilika taratibu, udongo, kijani, nyekundu, shaba. Ya kubandika ni rangi na gundi, mpigo wa kumi bado rangi, wa kumi na moja chuma safi, kama umevuka ukuta. Zinki watu wanaikimbilia sana kama ushahidi, wanasema ikiwepo ni ya kisasa, lakini Warumi walikuwa na sarafu za shaba na zinki tangu kale, kwa hiyo zinki peke yake haifungi kesi.

Kuna hatari gani kwa mtu anayetumia?

Macho. Mwanga wa 1064 hauonekani kabisa, kwa hiyo hupepesi jicho, na lenzi ya jicho lako inaukusanya moja kwa moja kwenye retina, ambayo haina maumivu. Unajua umeumia pale unapoona doa ambalo haliondoki. Na sarafu ni kitu cha chuma kinachong'aa, kinarudisha mionzi popote. Miwani lazima iwe imeandikwa inazuia urefu wa wimbi wa leza hiyo hiyo unayotumia, miwani ya fundi welding haihusiki, ya jua ndo usiseme. Pia feni ya kunyonya moshi.

Nimeokota sarafu yenye kutu shambani au ufukweni, nifanyeje?

Kwanza usiisugue. Najua kwetu pwani mkono unakwenda wenyewe kwenye ndimu, ukwaju, chumvi na jivu, kwa sinia la shaba sawa kabisa, sinia linarudi jipya na Idi inafika. Kwenye sarafu asidi ya ndimu inayeyusha lile tabaka jekundu lenye herufi na chumvi inaongeza kloraidi, yani umeipa ugonjwa na umeifuta jina kwa wakati mmoja. Soda, Brasso, waya wa sufuria, vyote mkumbo mmoja.

Piga picha ilipo kabla hujaitoa, andika mahali, iweke kwenye kontena kavu. Halafu toa taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na ya Kenya ya 2006 inahesabu vya kabla ya 1895, kwa hiyo sarafu ya Kilwa sio yako hata kama shamba ni lako. Mambo ya Kale kwa Tanzania, Makumbusho ya Taifa kwa Kenya. Najua watu wanaogopa wakisema watasumbuliwa, naelewa, lakini kuiuza kwa mtalii ndo kujitafutia kesi kweli.

Sina leza na nataka kujifunza kusafisha, nianzie wapi?

Anza na kitu ambacho hutalia kikiharibika. Tafuta kwa wauza vitu chakavu senti ya enzi za ukoloni iliyokwisha kabisa, au heller moja ya shaba ya Mjerumani, zilitengenezwa nyingi mno kati ya 1904 na 1913 na ndo zilizotuachia neno hela. Loweka siku kadhaa kwenye maji ya betri, yale maji matupu ya dukani sio asidi jamani, soma kopo, ubadilishe kila siku. Kisha taa nzuri, kioo cha kukuzia, na mwiba wa nungunungu. Sitanii, wahifadhi wanautumia kabisa kwa sababu ni mgumu kuliko udongo na ni laini kuliko shaba, na unainama kidogo kabla ya kukwaruza. Chokoa pembeni mwa herufi, usichokoe juu yake. Nusu saa inatosha kwa siku, ukiona rangi nyekundu ya kuiva inatokea simama hapo hapo, piga picha, endelea kesho.